Ondoeni vibandiko shingoni mwa udi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua. Hatusemi nafasi ndogo, kwani jambo lenyewe lina vipimo ndani yake, na vipimo ukivifupisha havimsaidii mtu.

Kuna mtindo umeingia katika baadhi ya madarasa ya muziki na majumbani, Unguja na Pemba. Mtoto akishanunuliwa udi au fidla, kazi ya kwanza ni kubandika vipande vya karatasi ya gundi kwenye shingo ya ala, kila kipande na jina la noti yake: do, re, mi. Kazi ya pili ni kupakua programu ya kutyunia kwenye simu. Mtoto anaambiwa akanyage uzi penye kibandiko, apige, atazame simu. Ikiwaka kijani amepatia, ikiwaka nyekundu amekosea. Miezi ikipita anapiga skeli ya do barabara, wazee wanafurahi, anapelekwa klabu ya taarab akasikilizwe. Huko anaombwa apige rasti, mojawapo ya maqamu (mipangilio ya sauti) za taarab, na anachotoa ni skeli ile ile ya kinanda. Wapigaji wanatazamana, mtoto hajui kosa lake liko wapi, na kwa kweli kosa si lake.

Tunachosema ni hiki: kibandiko na taa ya simu vinamfundisha mtoto ala isiyokuwa yake. Udi na fidla havina vituo shingoni, yaani vile vijiti vya kukatisha shingo kama vya gitaa, na havikuachwa hivyo kwa sababu fundi alisahau. Vimeachwa wazi ili kidole kipate kukaa mahali ambapo kinanda hakina ufunguo.

Tuanze na simu. Programu nyingi za kutyunia hutoka zikiwa zimepangwa kwa sauti 12 katika oktavu moja (kutoka do mpaka do ya juu yake), masafa yote sawa. Kila nusu toni, yaani hatua moja kati ya hizo 12, hupimwa kwa senti 100 (senti ni kipimo cha umbali wa sauti). Kutoka do mpaka mi flati ni senti 300, kutoka do mpaka mi ni senti 400. Rasti lakini haitaki mi hiyo wala mi flati hiyo. Inataka sika, yaani mi iliyoshushwa robo toni, ambayo huangukia jirani na senti 350. Mtoto akiipiga sawasawa, sindano ya simu haijui pa kukaa. Jina linarukaruka kwenye kioo, mara mi flati, mara mi, mara mi flati tena, na rangi ni nyekundu muda wote. Mtoto mtiifu atafanya nini? Atasogeza kidole mpaka kijani iwake. Akisogeza upande wa daraja (kunakofungwa nyuzi tumboni) amepata ajam, akirudi upande wa vigingi vya kukazia nyuzi amepata nahawandi. Katika udi wa kawaida huko kusogea ni sentimita moja na nusu hivi, na maqamu imeshabadilika jina. Simu imempa hongera kwa kukosea.

Simu ina kazi yake. Itumike kutyuni nyuzi zikiwa wazi, noti ya la ikiwa kwenye hezi 440, halafu ifungwe na iwekwe mbali kabla mkono wa kushoto haujagusa shingo.

Sasa vipimo. Udi wa Kiarabu huwa na urefu wa uzi wa sentimita 60 mpaka 62, kuanzia kile kijiti cha juu ambapo nyuzi hupita kabla ya kufika kwenye vigingi (hapa tukiite kizingiti) mpaka kwenye daraja lililogandishwa tumboni. Udi wa Kituruki ni mfupi kidogo, sentimita 58.5 hivi. Tuchukue 60, hesabu iwe nyepesi. Ukikanyaga uzi kwenye robo ya urefu wake, sentimita 15 kutoka kwenye kizingiti, unapata sauti ya nne, ukihesabu uzi wazi kuwa ya kwanza. Ukikanyaga kwenye theluthi, sentimita 20, unapata ya tano; mafundi huikata shingo ili ikutane na tumbo la udi hapo hapo, kwa hiyo mkono unaijua sehemu hiyo bila ya kuangalia. Kwenye nusu, sentimita 30, ni oktavu. Hizi ndizo nguzo. Sauti za katikati ndizo zinazohama, na kuhama kwake ndiko kunakoitwa maqamu.

Nyuzi zenyewe, kwa mpangilio unaotumika sana wa nyuzi 11 (jozi tano na uzi mmoja wa besi peke yake), kutoka mzito mpaka mwembamba ni do, fa, la, re, sol, do. Majina ya zamani ya nne za mwisho ni ushairani, duka, nawa na kirdani. Kila moja ya hizo nne ni ya nne ya mwenzake, maana yake duka ukikanyagwa kwenye sentimita 15 lazima utoe sauti ile ile ya nawa ulio wazi. Usipotoa, usihangaike na vidole, tyuni kwanza. Na nyuzi mbili za jozi moja zisipolingana kabisa, sikio halitaweza kuitofautisha robo toni na uchafu wa sauti. Wanafunzi wengi wanaodhaniwa hawana sikio wana jozi zilizoachana tu.

Mchukue mwanafunzi umkalishe kwenye uzi mmoja, duka, na umfundishe jinsi sita za sauti nne nne (jinsi ni kipande cha maqamu). Sauti ya kwanza ni uzi wazi. Ya nne ni nawa wazi, haikanyagwi. Kwa hiyo kila jinsi ina sehemu mbili tu za kukanyaga, na hapo ndipo udi unapokuwa mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Ajam: sentimita 6.5 na 12.4. Nahawandi: 6.5 na 9.5. Rasti: 6.5 na 11. Bayati: 5 na 9.5. Kurdi: 3.4 na 9.5. Hijazi: 3.4 na 12.4, pengo kubwa katikati ambalo ndilo linaloifanya hijazi ijulikane hata na asiyejua muziki. Udi wako ukiwa na urefu mwengine, zidisha kila kipimo kwa urefu wako kisha gawa kwa 60. Uzi wa sentimita 61.5 utaipeleka ile 6.5 mpaka 6.7.

Msomaji makini atauliza: kama mnatoa sentimita, si ndio hivyo vibandiko vyenyewe? Hapana. Sentimita ni za mwalimu, ajue pa kuuelekeza mkono siku za mwanzo na ajue kwa nini mkono umekosea. Ukizigeuza karatasi ya kubandika, yanatokea mambo haya.

Kwanza, vibandiko vinavyouzwa au kuchapwa kutoka mtandaoni havijui urefu wa uzi wako. Kilichokatwa kwa udi wa Kituruki kikibandikwa kwenye udi wa Misri kinakosea milimita tatu mapema tu, kwenye toni ya kwanza, na kosa linakua kadiri unavyoshuka.

Pili, uzi ukikanyagwa unavutwa, na ukivutwa sauti inapanda. Kama nyuzi ziko juu sana ya shingo, na udi wa bei nafuu huwa hivyo mara nyingi, sauti itapanda kuliko hesabu inavyosema, na itapanda zaidi kila unapokaribia tumbo. Kidole kinapaswa kurudi nyuma kidogo kufidia. Sikio hulifanya hilo bila ya kuambiwa, kibandiko hakirudi nyuma.

Tatu, ncha ya kidole ni pana. Mtoto mmoja atakiweka kidole katikati ya karatasi, mwengine nyuma ya ukingo wake, na wote wawili watakwambia wamekanyaga kibandiko.

Nne, na hili ndilo baya kuliko yote, kibandiko kinalivuta jicho. Tazameni watoto wanaojifunza hivyo. Udi unatakiwa usimame wima kifuani, uso wake ukielekea kwa wasikilizaji, mpigaji asione shingo bali ubavu wake tu. Mtoto wa vibandiko anaulaza udi mapajani ili asome karatasi. Akiulaza, mkono wa kulia hauna tena pa kuegemea, risha (kipigio cha nyuzi) inapiga juu juu, sauti inakuwa kavu. Kifundo cha mkono wa kushoto nacho kinapinda kwenda nje, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani, na ndani ya mwezi mmoja ameshazowea mkao utakaochukua mwaka kuuondoa.

Wenye vibandiko tayari wavibandue taratibu kuanzia pembeni. Gundi iliyobaki shingoni ifutwe kwa kitambaa chenye spiriti kidogo sana, na kitambaa hicho kisiguse tumbo la udi wala ubavu wake: spiriti inayeyusha rangi ya lakeri, na doa hilo halitoki.

Kuna sababu nyengine ya kukataa alama za kudumu, nayo ni kwamba sika yenyewe haina mahali pamoja. Sika ya rasti huwa juu kidogo, ya bayati chini kidogo. Tofauti ikiwa ni senti 10 tu, katika uzi wa duka ni milimita tatu, karibu upana wa punje ya mchele. Wapigaji wa Misri na wa Sham hawaiweki sawasawa pahala pamoja, na Waturuki wana pahala pao. Mwaka 1932 wataalamu wa muziki wa Kiarabu walikutana Cairo, wakapima sauti kwa vyombo, wakajadiliana kama oktavu igawanywe mara 24 kwa masafa sawa, na hawakuafikiana. Jambo lililowashinda wao haliwezi kumalizwa na karatasi ya gundi yenye upana wa milimita tano.

Ni kweli kwamba udi wa kale ulikuwa na vituo vya kufunga. Mwanafalsafa Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, ameviandika, na kimojawapo kilijulikana kwa jina la Mansur Zalzal, mpigaji wa Baghdad wa karne ya 8: kidole cha kati cha Zalzal, kilichowekwa kati ya vidole viwili vya kawaida. Ukikipima kwenye uzi wa sentimita 60 kinaangukia sentimita 11.1, kiasi cha milimita moja kutoka kwenye kipimo tulichokitoa cha rasti. Lakini vile vilikuwa vya kufunga kwa uzi, vinasogezeka. Mwenye udi alivisogeza kwa sikio lake.

Baada ya zile jinsi sita, rasti nzima inapangika kirahisi kwenye nyuzi nne. Do inapatikana kwenye ushairani, kidole cha pete, sentimita 9.5. Re ni duka wazi. Sika ni kidole cha shahada kwenye duka, sentimita 5. Fa ni cha pete kwenye duka, 9.5. Sol ni nawa wazi. La ni cha shahada kwenye nawa, 6.5. Si iliyoshushwa robo ni cha pete kwenye nawa, 11. Do ya juu ni kirdani wazi. Angalieni kidole cha shahada: kwenye duka kiko 5, kwenye nawa kiko 6.5, na kidole ni kile kile. Hapa ndipo wanafunzi wanapoanguka. Mkono unataka kukaa pamoja, kwa hiyo ama sika inapanda mpaka inakuwa mi ya kinanda, ama la inashuka. Dawa yake ni kuvuka kutoka uzi mmoja kwenda wa pili kwa noti hizo mbili tu, sika na la, sika na la, polepole, ukiimba kabla ya kupiga, mpaka kidole kijisogeze chenyewe. Dakika kumi za zoezi hili kila siku zina faida kuliko saa nzima ya kupanda na kushuka skeli.

Kuimba kabla ya kupiga si pambo. Mwanafunzi apige duka wazi kwa risha, chini na juu, bila ya kukatika, uwe msingi wa kusimamia. Juu yake aimbe sauti nne za jinsi. Halafu akanyage. Kama kidole kimetoa sauti tofauti na koo, asogeze kidole, asisogeze koo. Watoto wetu wana bahati katika hili kuliko wanavyodhani walimu wao. Hatuchanganyi kisomo na muziki, tunazungumzia sikio tu: anayesikia adhana tangu utotoni, na kanda za wasomaji wa Misri ambao desturi yao ni kufungua na kufunga kwa bayati, ameshaibeba sika masikioni kabla hajashika udi. Mwambie aimbe bayati kwa jina, atatikisa kichwa kwamba haijui. Mwimbishe, ataitoa. Halafu tunampa simu imkatalie.

Kwa fidla tunalegeza msimamo kidogo. Uzi wa fidla kubwa ni sentimita 32 na nusu mpaka 33, kila kitu kimebanana: toni ya kwanza iko sentimita 3.6, robo toni nzima haifiki sentimita moja, na mtoto ameishika ala kwa kidevu huku mkono wa pili ukipigana na upinde. Walimu wanaobandika alama wiki za mwanzo wana hoja. Basi ibandikwe moja tu, kwenye robo ya uzi, sentimita 8.2 hivi kutoka kizingitini, mahali pa kidole cha tatu. Hiyo haibadiliki katika zile jinsi sita, na inaweza kukaguliwa na sikio kwa sababu inatoa oktavu ya uzi wa jirani ulio mzito zaidi: kidole cha tatu kwenye uzi wa re ni sol, oktavu ya uzi wa sol. Kidole cha kwanza na cha pili viachwe huru. Anayetyuni sol, re, la, mi kama Wazungu ataipata rasti kwa urahisi akiianzia sol kwenye uzi mzito: cha kwanza toni nzima, cha pili katikati, si karibu na cha kwanza wala si karibu na cha tatu, na cha tatu penye alama. Wapigaji wengi wa Kiarabu huzishusha nyuzi mbili nyembamba ziwe sol na re, na fidla nzima inakuwa sol, re, sol, re. Vidole vinakuwa vile vile juu na chini. Fidla za watoto, za nusu na robo tatu, zina uzi mfupi zaidi, na kila mtoto anapobadilishiwa fidla lile robo lipimwe upya.

Tatizo jengine dogo lakini linapoteza muda: namba za vidole. Kwenye kinanda namba 1 ni gumba. Kwenye udi na fidla namba 1 ni kidole cha shahada, gumba halihesabiwi. Mtoto aliyetoka kwenye kinanda akisoma namba 2 kwenye karatasi ya fidla anapeleka shahada, na kila noti inakuwa imeshuka pahala pamoja. Mwalimu aseme hili siku ya kwanza.

Karatasi zenyewe za noti zina mtego mkubwa zaidi. Siku hizi zinapakuliwa bure, za Kiarabu na za Kituruki zikiwa zimechanganyika. Waarabu huiandika rasti kuanzia do, Waturuki huiandika kuanzia sol. Alama ya flati iliyokatwa kwa mstari, kwa Mwarabu ni kushusha robo toni, yaani senti 50. Kwa Mturuki alama inayofanana nayo ni koma nne, na koma kwao ni sehemu ya tisa ya toni, kwa hiyo ni senti 90, karibu nusu toni nzima. Anayesoma karatasi ya Istanbul kwa kanuni za Cairo atakosea kila mstari huku akiamini anaifuata karatasi. Na udi huandikwa oktavu moja juu ya sauti inayotoka, kwa hiyo asishangae anayelinganisha na kinanda akakuta udi uko chini.

Kuhusu kodiani (kinanda cha mvukuto) na kinanda hatuna mengi. Ajam, nahawandi, kurdi na hijazi zinapigika. Rasti, bayati, na maqamu ziitwazo sika na saba hazipigiki kwenye kodiani ya kawaida, basi. Mpigaji aruke noti ya robo au anyamaze wakati udi unapita. Vipo vinanda vya umeme vyenye kitufe cha kushusha noti moja moja kwa senti 50, na mwenye nacho akitafute katika kijitabu chake. Wako wanaokwangua ulimi wa chuma ndani ya kodiani ili ushuke robo. Inawezekana, Misri wanafanya: ukikwangua karibu na ulipofungwa sauti inashuka, ukikwangua nchani inapanda. Lakini chuma kilichokwanguliwa hakirudi, na kodiani siku hizi haziokotwi. Apelekewe fundi.

Nai, yaani filimbi ya mwanzi, nayo haina njia ya mkato: kila nai ina ufunguo wake, robo hupatikana kwa kufunika nusu ya tundu na kuinamisha kichwa, na mpigaji anahitaji nai kadhaa.

Halafu hali ya hewa yetu, ambayo vitabu vya nje havisemi kitu juu yake. Masika inapoanza, mbao za udi zinakunywa unyevu. Vigingi vinavimba na kukwama, mtoto anavizungusha kwa nguvu, uzi unakatika au shingo ya kigingi inavunjika. Kigingi kilichokwama kisukumwe nje kidogo kwanza, ndipo kizungushwe. Kiangazi kikikaza mambo yanageuka, vigingi vinateleza na udi unashuka wenyewe usiku. Chomoa kigingi, kipake chaki kavu pale kinapogusa tundu, na sabuni kavu kidogo sana ili kizunguke bila ya kuruka, halafu kirudishe kwa kukisukuma ndani huku ukizungusha. Udi usiachwe ndani ya gari juani wala ukutani upande unaopigwa na jua la magharibi, kwa sababu gundi ya daraja inalegea na siku moja daraja linang'oka na nyuzi zote.

Maombi yetu ni matatu. Wenye maduka wanaouza udi na fidla waandike urefu wa uzi kwenye kila ala, na wasiuze pamoja na vibandiko. Walimu wa skuli wanaofundisha do, re, mi kwa kinanda, kazi nzuri, wawaambie wanafunzi kwamba hizo ni sauti za kinanda, kuna nyengine baina yake.

La tatu ni kwa klabu za taarab asilia. Mtoto wa Wete, Mkoani au Makunduchi asiye na mwalimu jirani atabaki na simu yake mpaka apate pahala pa kusikia sika iliyo sahihi. Ala inayoitoa bila ya kubabaika ni ganuni, ala ya nyuzi nyingi inayopigwa ikiwa imelazwa, ambayo inasimuliwa kwamba iliwafanya watawala wa hapa, enzi za Seyyid Barghash katika miaka ya 1870 na 1880, kumpeleka mtu Misri akajifunze. Ganuni ina vipandishio vidogo vya chuma chini ya nyuzi, upande wa vigingi. Kikiinuliwa kimoja, sauti inapanda robo toni, na mtoto anaisikia na kuiona papo hapo: mi flati, sika, mi. Ganuni ya kawaida ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila noti, na zote hutyuniwa kabla ya mazoezi. Kazi hiyo inachukua muda mrefu na mara nyingi anakuwepo mpigaji peke yake ukumbini. Tunaomba watoto wenye udi na fidla waruhusiwe kukaa pale wakati huo, kimya, ala mikononi, wakitafuta kwa kidole kila noti anayoipiga. Wenye klabu watakaokubali watangaze siku na saa kupitia ukurasa huu.

Wafundishaji wa udi na fidla,
Mji Mkongwe, Unguja